Bendera ya Mwanza: nembo, samaki, karabai au mawe?

Kijana aliyeniletea kazi hii alikuja na daftari la shule. Ndani yake alikuwa amechora bendera nne kwa kalamu za rangi, akaniambia, "Mama, nishonee zote nne tuzitundike hapa nje, watu wazione waseme." Mimi ni fundi cherehani, niko Makoroboi, hapa Mwanza mjini, na mashine yangu. Nashona sare za shule, magauni ya kwaya, bendera za skauti na za timu za mitaani. Nikamuuliza ni za nini. Akasema ana swali moja tu: tukiambiwa leo tuichore upya bendera ya mji wetu, tutachagua ipi?

Nilizishona kwa kipimo kimoja, upana sentimita 135 na kimo 90, uwiano uleule wa tatu kwa mbili wa bendera ya taifa. Tukafunga kamba kutoka kibandani kwangu hadi kwenye mwarobaini wa jirani, zikakaa hapo wiki nzima. Wapita njia, wateja, madereva wa bodaboda, akina mama wanaorudi na ndoo za samaki, kila mtu alikuwa na lake. Nimeyaandika haya kwa ajili ya yeyote atakayeitwa siku moja kutoa maoni juu ya jambo kama hili, kwenye mtaa wake au kwenye kikao cha kata, maana nimeona jinsi watu wenye nia njema wanavyochagua vibaya wakionyeshwa karatasi peke yake.

Bendera si picha. Karatasi iko tuli mbele ya macho yako, bendera iko juu ya mlingoti na inachezwa na upepo. Hapa kwetu mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka, kwa hiyo kila mtu ataiona bendera kwa nyuma mara nyingi sawa na anavyoiona kwa mbele. Wahenga wamesema bendera hufuata upepo, na anayeshona anaijua maana ya maneno hayo kwa mikono yake. Kwa hiyo nilizipima hivi: nilivuka barabara nikazitazama kwa mbali, nikazunguka nyuma, nikasubiri upepo utulie nione kinachobaki kitambaa kikijikunja, kisha nikamwomba mtoto wa jirani, wa darasa la tatu, aziangalie, aende nyumbani, arudi kesho yake azichore bila kuziona.

Nembo kwenye kitambaa cheupe

Ya kwanza ilikuwa nyeupe, na katikati duara lenye kila kitu: mtumbwi, samaki, jiwe, pamba, ng'ombe, jina la mji juu na maneno ya kauli mbiu chini. Walioipenda wengi ni watu wazima waliofanya kazi ofisini. Mzee mmoja mstaafu aliisimamia kwa heshima akasema, "Mwanangu, hii ndiyo yenye sura ya serikali. Hizo nyingine ni vitambaa tu." Namwelewa. Amepiga mihuri maisha yake yote, na kwake karatasi isiyo na muhuri haina nguvu. Tena hakuna aliyeachwa nje: mkulima yumo, mfugaji yumo, mvuvi yumo.

Lakini mimi nilishindwa kuishona. Maandishi madogo kiasi hicho hayatoki kwa kiraka wala kwa kudarizi kwa mkono, ikabidi niipeleke ikachapwe. Ikachapwa upande mmoja, kwa nyuma jina la mji likawa linasomeka kinyume. Ukitaka lisomeke pande zote mbili utaunganisha vitambaa viwili mgongo kwa mgongo, nacho kitambaa kizito hakipepei, kinaning'inia kama taulo lililoloa. Nikiwa ng'ambo ya barabara niliona sahani ya rangirangi, basi. Mtoto wa jirani alirudi na duara tupu. Alikumbuka kuna kitu ndani, hakukumbuka nini.

Hili halijatupata sisi wa kwanza. Mwaka 2004 Marekani walipanga bendera za miji 150 kwa kura za watu wanaofuatilia mambo ya bendera, na ya mwisho kabisa ikawa ya mji wa Pocatello, jimbo la Idaho. Ilikuwa nyeupe, imejaa maandishi, mpaka alama ndogo za haki miliki zilikuwemo. Wenye mji waliona aibu, wakakaa chini, na mwaka 2017 wakapandisha bendera mpya yenye milima mikubwa na isiyo na neno hata moja. Nembo ina mahali pake, na ni mahali pa heshima: kwenye barua, kwenye stakabadhi, kwenye mlango wa ofisi. Pale mtu yuko karibu na anaisoma.

Samaki

Ya pili ilikuwa ya bluu na samaki mmoja mweupe katikati. Niliifurahia kuikata, maana samaki ni umbo moja, kiraka kimoja, ukishona vizuri kwenye mapezi umemaliza. Nilimgeuza kichwa kielekee mlingoti ili upepo ukivuma aonekane anaogelea mbele. Kwa nyuma hana tatizo, samaki ni samaki. Mtoto alimchora vizuri kuliko nilivyomshona.

Ugomvi ulianza pale mama mmoja muuza samaki alipouliza, "Huyu ni nani? Sato au sangara?" Hilo swali liliwakusanya watu mpaka njia ikaziba. Waliosema sangara walitaja viwanda vya minofu na ndege zinazobeba samaki kwenda Ulaya. Waliosema sato walisema sangara ni wa biashara ila sato ndiye wa nyumbani, ndiye anayewekwa mezani mgeni akija. Kisha akatokea bwana mmoja mwenye miaka mingi ziwani akasema wote wawili ni wageni. Na ni kweli. Sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na sato tunayemla leo aliletwa miaka hiyohiyo. Wenyeji ni ngege, ambaye sasa kumwona ni bahati, na furu, ambao walikuwa wa aina mamia kabla sangara hajawamaliza wengi wao. "Ukitaka samaki wa hapa kweli," akasema, "weka dagaa." Watu wakacheka, ila yeye hakuwa anatania, na mimi nilikaa na maneno yake siku nzima. Dagaa ndiye anayelisha nyumba nyingi zaidi katika mji huu, na hakuna anayemfikiria kama kitu cha kuwekwa juu.

Kasoro yake kubwa ni nyingine. Samaki huyo angefaa vilevile Bukoba, Musoma, Kisumu au Entebbe. Anasema sisi ni watu wa ziwa, hasemi sisi ni watu wa Mwanza. Na upepo ukitulia anajikunja, unabaki na mkia. Kama unachagua bendera ya mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, au ya chama cha wavuvi, mchukue huyu bila kusita. Kwa mji mzima anapungua.

(Kuna waliouliza kwa nini hakuna daraja. Daraja la Kigongo–Busisi ni fahari yetu, kama kilomita 3 juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025. Lakini linaunganisha Misungwi na Sengerema, haliko mjini. Waachieni wenyewe.)

Karabai

Hii ndiyo iliyonishika moyo. Nusu ya juu nyeusi, nusu ya chini bluu, na pale zinapokutana kuna mstari wa vitone saba vya manjano. Aliyewahi kusimama Capri Point au kilima cha Bugando usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka, hahitaji kuelezwa. Wavuvi wa dagaa wanawasha karabai, zile taa zao, dagaa wanaufuata mwanga, wanazungushiwa wavu, na wewe uliye juu mlimani unaona kama kuna mji mwingine umewashwa majini. Kaka yangu alivua dagaa miaka mingi. Mama yetu alikuwa akitoka uani usiku anazihesabu zile taa kana kwamba angeweza kuijua ya mwanawe.

Kwa ushonaji ni rahisi: vipande viwili na vitone saba. Kwa mbali inaonekana kuliko zote, maana manjano juu ya nyeusi inapiga kelele hata jua likizama. Upepo ukitulia bado unaona rangi tatu. Mtoto aliichora, akaweka vitone tisa, sawa tu. Na hakuna mji mwingine ninaoufahamu wenye bendera ya namna hii.

Vijana waliipenda hii kuliko nyingine. Kulikuwa na hoja kwamba karabai za mafuta zinaondoka, siku hizi taa nyingi ni za sola na betri. Hilo halinisumbui, kitone cha manjano hakiulizwi kinawaka kwa nini. Kilichonisumbua ni kingine. Siku ya tatu alisimama baba mmoja mtu mzima, akaitazama kwa muda mrefu bila kusema, kisha akanisogelea. "Dada, sikatazi. Lakini nyeusi juu ya maji mimi siwezi kuitazama kila siku. Dada yangu yuko Igoma."

Aliyekuwepo mjini mwaka 1996 anajua maana ya maneno hayo. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei mwaka huo, ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Igoma ndiko walikozikwa wengi. Baada ya yule baba kuondoka niliona wengine wawili watatu, wa umri wake, wanapita mbele ya ile bendera wakitazama pembeni. Kijana mwenye daftari alikuwa hajazaliwa, hakujua.

Tulijaribu kuiokoa. Nikatoa nyeusi nikaweka bluu nzito ya usiku. Ikiwa mkononi ilipendeza, ila ng'ambo ya barabara zile bluu mbili zikawa moja na mpaka wa anga na maji ukapotea. Nikajaribu zambarau, ikafanana na sare ya kwaya. Nyeusi kwenye bendera ya taifa ni watu wenyewe, rangi ya ngozi yetu, wala haina msiba. Lakini pale imezungukwa na kijani na dhahabu. Hapa imekaa juu ya maji peke yake.

Mawe

Ya nne, kama ilivyochorwa mwanzo, ilikuwa Jiwe la Bismarck jeupe juu ya bluu, lile lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga ambalo kila mgeni hupigia picha. Zikazuka hoja mbili, na zote zina uzito.

Ya kwanza ni jina. Otto von Bismarck alikuwa chansela wa Ujerumani, na jina lake liliachwa hapa na wakoloni. Mwalimu mmoja alisema hawezi kuwaambia wanafunzi wake wasimame wakakamae mbele ya jiwe la Bismarck. Fundi viatu wa jirani yangu akamjibu kwamba mawe haya ya itale yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, Bismarck amelikuta jiwe na ameliacha. Na bendera haiandikwi jina. Mimi niko na fundi viatu, ila naelewa kwamba jina halitoki vichwani mwa watu kwa sababu tu halijaandikwa.

Ya pili nilikuwa sijaifikiria kabisa, na ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Dereva wa daladala wa Ilemela alisema, "Hilo jiwe ni la Nyamagana. Sisi tumo wapi?" Watu wa nje wanaposema Mwanza wanamaanisha mji wote, lakini tangu 2012 Ilemela ni manispaa yake yenyewe, na Halmashauri ya Jiji imebaki na Nyamagana. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 594,834 Nyamagana na 509,687 Ilemela. Ukichora alama ya upande mmoja umewaambia watu nusu milioni kwamba wao ni wapangaji. Uwanja wa ndege uko Ilemela, soko la dagaa la Mwaloni Kirumba liko Ilemela. Kusema kweli mtu hajui amevuka mpaka saa ngapi akitembea.

Kijana alikaa kwenye benchi langu, akafuta, akachora tena. Akalitoa lile jiwe moja akaweka mawe matatu yaliyoegemeana, makubwa, bila madoido, yakiinuka kutoka kwenye bluu. Mawe ya namna hiyo yako kila mahali kwetu: Isamilo, Mabatini, Igogo, Kitangiri, nyumba zimejengwa juu yake, katikati yake na chini yake. Ni mawe ya Nyamagana na ya Ilemela pia. Na mama mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake aliyaona akasema mara moja, "Mafiga!" Sikuwa nimeyaona hivyo, wala kijana hakuwa ameyaona. Lakini ndivyo yalivyo. Mafiga matatu, na figa moja haliinjiki chungu. Kuanzia hapo kila aliyepita aliambiwa ni mafiga, na hakuna aliyeuliza ni jiwe la nani.

Kushona ni vipande vitatu vya kijivu kilichokaribia weupe juu ya bluu, na utepe mwembamba wa manjano kuonyesha mstari wa maji. Mistari ya mshazari ndiyo inayosumbua, kwa sababu kitambaa kikikatwa mshazari kinavutika na bendera inapinda baada ya kufuliwa. Wanaoshona bendera ya taifa wanalijua vizuri tatizo hilo. Mawe yana kingo za mviringo, ukiyaweka kama viraka juu ya kitambaa kizima hayavuti. Ukitazama kwa nyuma ni yaleyale. Kwa mbali hayapigi kelele kama karabai, hilo nakubali, na upepo ukitulia kabisa unaona bluu na kijivu tu. Mtoto aliyachora matatu, akayawekea na mdomo wa chungu juu.

Karabai na mawe, uso kwa uso

Nembo na samaki nimeshazitoa, zilizobaki ni mbili. Kwa macho peke yake, karabai inashinda. Ni nzuri zaidi na haisahauliki. Kwa jua letu zinakaribiana, bluu inavumilia na manjano inapauka taratibu, ila nyeusi ya bei rahisi hugeuka hudhurungi na hapo bendera inaonekana imechoka. Kwa fundi wa kawaida wa mtaani zote mbili zinashoneka kwa muda mfupi, na hili ni jambo kubwa: bendera ambayo haiwezi kushonwa Makoroboi haitapepea kwenye mitumbwi wala kwenye vibanda, itabaki kwenye mlingoti mmoja wa ofisi.

Tofauti yao ya kweli ni nani anaumia. Mawe hayamuumizi mtu. Karabai inamuumiza yule baba, na wenzake ambao hawakusema. Unaweza kusema miaka imepita. Mimi sikuweza kumwambia hivyo.

Wanaoogopa kwamba mawe na maji ni picha rahisi mno, waitazame Chicago. Ni mji wa ziwa kama wetu, na bendera yake ya mwaka 1917 ni nyeupe yenye mistari miwili ya bluu iwakilishayo maji yao, ziwa na matawi ya mto, na nyota nyekundu za pembe sita. Ilianza na nyota mbili, ya nne ikaongezwa 1939. Hakuna muhuri wala neno. Leo watu wa pale wanaivaa kwenye fulana na kuichora mpaka kwenye ngozi zao, na kwenye ule upangaji wa 2004 ilikuwa ya pili.

Na nani achague?

Hapa pia kuna njia mbili, na zote zimewahi kuumiza watu. New Zealand waliita kila mtu alete mchoro wa bendera ya nchi, ikaja michoro 10,292, wakatumia karibu dola milioni 26 za kwao na kura mbili, na mwezi Machi 2016 asilimia 56.6 wakasema wabaki na ya zamani. Milwaukee, mji mwingine wa ziwa huko Marekani, wananchi walishindanisha michoro zaidi ya elfu moja mwaka 2016, wakapata jua linalochomoza juu ya ziwa, wakaipenda wakaitumia kila mahali, lakini baraza la mji likakaa miaka bila kuipitisha, kwa sababu wapo waliosema hawakuulizwa vya kutosha.

Ushauri wangu unatoka kwenye kamba yangu. Bendera iliyopo iwe miongoni mwa zinazopigiwa kura, ili anayeipenda asilazimike kunyamaza. Zisizidi nne au tano. Zishonwe kwanza, za kweli, zitundikwe mahali watu wanapopita kila siku, Kirumba, Igoma, Buhongwa, stendi, kwenye mwalo, angalau wiki moja kila mahali, na awepo mtu wa kusikiliza. Daftari lisingetuambia habari za Igoma. Lisingetuambia habari za mafiga pia.

Kwa hiyo, ukiniuliza: ofisi ichukue nembo, wavuvi wachukue samaki, mji uchukue mawe. Ile ya karabai kijana ameniachia. Nimeikunja nikaiweka kwenye kabati, nitampelekea kaka.

Ya mawe bado iko nje kwenye kamba. Pindo la upande wa upepo limeanza kufumuka, kesho nitalishona mara mbili.